Namba Kumi na Nne Hairudishi Mtama

Chuoni, nchi ya ngano,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwako Baba, Mwalimu wa kanisa pale Chawia,

Nakuamkia kwanza kama mtoto, mengine yatafuata. Kwawuka mana, ingawa si asubuhi: wakati naandika jua la hapa liko utosini na huko nyumbani nadhani mbuzi wameshafungwa. Kifua chako kimetulia au ukungu umekirudisha? Goti la Mama je? Bibi Wakesho anakula, au bado anasema chakula chote hakina chumvi? Mahindi ya bondeni yaliota au mliotesha mara mbili? Nijibu yote haya kwa mpangilio, usiniandikie tu "sisi ni wazima" kama ulivyofanya mara ya mwisho. Mstari mmoja kwa miezi mitano, Baba. Nilihesabu: maneno tisa, pamoja na jina lako.

Mimi ni mzima. Uzito wangu ni ratili 139, nimepungua sita tangu nishuke melini. Chakula kipo, ila nchi hii haina mlima. Ukisimama mlangoni unaona mpaka pale macho yanapochoka, ngano tupu na mnara mmoja wa kuhifadhia nafaka. Mtu wa Taita akikaa hapa anajihisi kama kitu kilichosahauliwa mezani.

Nakuomba uisome barua hii peke yako mpaka mwisho kabla hujampa kaka Stefano awasomee wengine. Ukifika katikati ukakasirika, pumzika, unywe maji, uendelee.

Unajua nilikuja huku kujifunza maji. Miaka saba nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge karibu na Voi, na kila nilipokwenda kumtembelea dada Mkawasi huko Maungu nilikuta wanawake wamepanga madebe wakingoja maji yaletwe na treni. Siku moja nilihesabu madebe mia moja na sita. Nikasema nitakwenda kujifunza jinsi maji yanavyoshushwa kutoka mlimani kwa bomba. Nikasoma kwa posta, usiku wa taa na mchana wa mkonge, mpaka chuo hiki kikanikubali. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Sisemi kwa ubaya, nasema hesabu ilivyo.

Nilipofika wakaniambia la, maji baadaye. Kwanza muhula mzima wa masomo ya jumla: hesabu, sayansi na serikali. Kila mtu lazima apite hapo, hata atakayekuwa mpiga tarumbeta. Nikauliza, "Na mtu aliyekwisha kupima tani elfu za mkonge bila kukosea?" Karani wa kike akatabasamu: "Hata yeye, bwana." Nikawekwa darasa moja na vijana wa miaka kumi na minane wanaohesabu kwa vidole. Ukianguka kozi moja tu kati ya hizo tatu, chuo kinakufuta kwenye orodha, na ukifutwa, kibali cha kukaa nchi hii kinakufa siku thelathini baadaye. Hicho ndicho kisu kilichokuwa shingoni mwangu muhula wote, ukikumbuke unaposoma yaliyobaki.

Hesabu nilipata tisini na nane. Zile mbili walinikata kwa sababu niliandika jibu bila kuonyesha njia. Serikali nilipata themanini na moja. Kozi iliyobaki ni sayansi, na ndiyo iliyozaa barua hii.

Profesa wa sayansi ni mzee mrefu, koti jeupe, ana doa la wino mfukoni. Siku ya kwanza alifungua kabati la kioo akatoa mafuvu kumi na sita ya watu, akayapanga mezani moja baada ya jingine kama mtu anayepanga vyungu sokoni. Kila moja lina namba ya wino mweusi kwenye paji la uso.

"Haya aliyakusanya aliyenitangulia, Mungu amrehemu," akasema. "Yametoka kila pembe ya dunia. Mtayapima wiki sita. Ajuaye kupima ndiye ajuaye sayansi. Mwisho mtaniandikia ripoti, na ripoti hiyo ndiyo mtihani."

Nilipewa namba kumi na nne. Sikuchagua, alilisukuma tu mbele yangu.

Baba, nyumbani kwako hatukutajiwa ngomenyi. Ulisema ni mambo ya giza. Lakini hakuna mtoto wa Chawia asiyejua kwamba juu kule, chini ya majabali, wazee walikuwa wakiwafukua wafu wao baada ya mwaka, wakavipanga vichwa safu kwa safu, kila ukoo mahali pake, ili ukoo ukipata shida uwe na mtu wa kumwendea. Mimi nilifika huko na wenzangu tukifuata mbuzi. Nilianza kuzihesabu zile safu. Bibi aliposikia alinichapa kofi na kuniambia watu hawahesabiwi, wala wa chini wala wa juu.

Basi nikaligeuza lile fuvu kulitazama taya. Meno mawili ya mbele, ya juu, yamechongwa ncha pembeni. Kama ya Bibi.

Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Kwawuka mana."

Mezani nilikaa na msichana aitwaye Delia, binti wa mkulima wa ngano, mtu wa mzaha. Lake lilikuwa namba tisa. Akaniuliza, "Umesema nini?"

"Nimesalimu."

"Amejibu?"

Nikacheka. Nilicheka kweli, Baba, siku hiyo.

Kipimo kikubwa kilikuwa cha kujua ndani mnaingia kiasi gani. Unaziba matundu ya macho kwa pamba, unaligeuza juu chini, unamimina mtama kupitia lile tundu la chini, pale shingo ilipokuwa imeungana, unagonga gonga mpaka ujae. Kisha unaumwaga mtama wote kwenye chupa ya kioo yenye mistari, unasoma. Mtama wenyewe ni ule mdogo mweupe wanaolishia ndege. Kazi hiyo kwangu ni kama kunywa maji. Nikapima kwanza mtama kwenye chupa: ulioingia ulikuwa mistari 1,340. Nikaumwaga tena. Nikasoma 1,330.

Mistari kumi. Ni vijiko viwili vya chai.

Nikasema nimekosea. Nikarudia wiki ya pili: ukaingia 1,340, ukatoka 1,330. Wiki ya tatu vivyo hivyo. Karani wa mizani akipoteza kitu hupiga magoti kwanza, halafu ndipo hufikiri. Nilipiga magoti chini ya meza nikafagia kwa kiganja. Nilishuku mtama kwamba umeshindiliwa, nikaubadilisha. Nilishuku chupa, nikaazima ya meza nyingine. Nilimmulika yule mtu ndani kwa tochi kupitia lile tundu: palikuwa pakavu, safi, kama kibuyu kilichokaushwa. Nikamtikisa karibu na sikio. Hakuna punje iliyolia. Kisha nikamshuku Delia.

"Wewe ndiye unayeniibia?"

"Nikaupeleke wapi? Kwetu tuna ghala la nafaka refu kuliko kanisa!"

"Basi pima wewe."

Tukabadilishana. Mimi nikapima namba tisa: ukaingia 1,415, ukatoka 1,415. Yeye akapima namba kumi na nne huku amekunja mikono ya blauzi ili nione. Ukaingia 1,340. Ukatoka 1,330. Akaitazama chupa, akainama usawa wa macho, akaitazama tena. Alivuta kiti chake kidogo upande wa dirisha, na tangu siku hiyo hakukirudisha.

Lililonitisha mimi ni uzito. Kitu kikiingia mahali kisitoke, mahali pale lazima pazidi uzito. Hiyo si sayansi ya chuo, hata mpagazi wa mkonge anaijua. Nikamweka mizanini kabla ya mtama: gramu 604. Nikamweka baada: gramu 604. Mtama haukutoka, na haukuwa ndani. Niliweka sikio langu penye tundu. Sikusikia kitu, Baba, na sikusikia kitu kingine chochote pia. Saa ya ukutani, bomba la joto linalogonga, viatu vya profesa, vyote vilinyamaza mpaka nilipoliondoa sikio.

Darasa likapata habari. Vijana wakaanza: "Mwakio ana kuku bwenini!" "Mwakio, uji umeiva?" Profesa akaja akasoma daftari langu, akagonga kwa kalamu.

"Bwana Mwakio, mtama haupotei. Wanaopotea ni wanafunzi."

"Pima mwenyewe, profesa."

"Mimi nilipima kabla hujazaliwa. Umebaki na wiki tatu. Rekebisha mkono wako, la sivyo nitaandika umeanguka."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mtu wa huku asingeweza kuufanya. Mtu wa kwetu akipatwa na jambo lisilo na mlango, la kwanza analojiuliza ni hasira: ni nani ana hasira na nani? Na dawa yake ni kutasa. Unajaza maji mdomoni, unayapuliza chini, unataja neno ulilolishika moyoni, unaliachilia. Wewe uliyaacha mambo hayo ulipobatizwa. Ndiyo sababu siku naondoka, Mama alipokuomba unitasie njiani, ulisema, "Nimemwombea, inatosha," ukaenda zako shambani. Mimi nikaondoka nikiwa na hasira yako mgongoni na yangu kifuani.

Wiki ya nne nikaenda kwenye bomba la kuoshea mikono, nikajaza kikombe, nikapuliza maji mbele ya namba kumi na nne. Nikasema kwa Kidawida, "Moyo wangu umepoa. Sina neno na baba yangu."

Delia akaruka. "Unatapika? Nimwite nesi?"

"Nasukutua."

Nikapima. Ukaingia 1,340. Ukatoka 1,320.

Vijiko vinne. Maradufu.

Nilikaa pale nikiitazama ile chupa, kwa sababu nilijua kosa liko wapi kabla sijalitafuta. Watoto wote wa kwetu wameonywa: usitase na uongo moyoni. Ukipuliza maji huku umelificha neno, neno linaota meno. Na mimi neno ninalo, Baba. Nimekuwa nalo miaka kumi na tisa. Stefano alipelekwa shule ya sekondari, mimi nikapewa mbuzi nikashushwa bondeni. Niliwashinda wote darasani, pamoja na yeye. Ulisema, "Nyumba moja haiwezi kutoa watoto wawili kwa wakati mmoja," ukageuka ukaendelea kupalilia. Hukuniambia hata kwa nini ni yeye.

Wiki ya tano ikaja, ikawa 1,320 tena. Nikamwendea profesa nikamwuliza namba kumi na nne alitoka wapi.

"Kitabu kiko rafu ya juu. Kisome, labda kitakufundisha kupima."

Ni daftari kubwa la ngozi, lina mwandiko mwembamba wa yule marehemu. Nakunukulia kama lilivyo, kwa Kiswahili changu:

"Namba 14. Mwanamume. Milima ya Teita, chini ya majabali juu ya Chawia. Nilitaka safu nzima. Kijana wa misheni aliyeniongoza, umri kama miaka kumi na mitano, kovu la moto mkono wa kushoto, alisimama mbele yangu na panga akakataa. Tulibishana tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwisho aliniletea hili moja, akasema hili pekee ndilo lake la kutoa, na kwamba nikilichukua nisirudi tena kwa mengine. Nilimpa ahadi. Hakupokea zawadi yoyote."

Sitakuuliza mkono wako wa kushoto uliungua lini, Baba.

Bibi aliniambia zamani kwamba ukiwa kijana uliwahi kumwongoza mzungu mmoja juu majabalini, na kwamba tangu siku hiyo hukupita tena njia ile. Nilidhani ni dini. Kila Jumapili umekuwa ukizunguka na njia ya bondeni kwenda kanisani, dakika arobaini badala ya kumi na tano, hata mvua ikinyesha, na sisi nyuma yako tumebeba viatu mkononi. Nilikuwa nikizihesabu zile dakika ishirini na tano kwa uchungu. Sikujua ulikuwa unamkwepa nani.

Wiki hiyo hiyo, kwenye kozi ya serikali, mwalimu wetu, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliuliza: "Mali ya wote ikitakiwa na mwenye nguvu, nani ana haki ya kuitoa?"

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Gavana!" Wengine wakacheka, mmoja akasema, "Jeshi." Mimi nikainua mkono. "Hakuna. Mtu anatoa fungu lake mwenyewe ili ya wengine yabaki."

"Na kama fungu lake ni kubwa mno kwake?"

Niliomba ruhusa nikatoka nje, nikasimama upande wa ule mnara wa nafaka.

Kwa sababu hapo nje niliifanya ile hesabu kama wewe ulivyoifanya. Mzungu mwenye watu na bunduki. Kijana mmoja, panga moja. Safu nzima ya ukoo, wa kwenu na wa wengine. Ukipigana unapoteza wote. Ukinyamaza unapoteza wote. Ukitoa wa kwako, baba yako mzazi aliyekufa ukiwa mdogo, wanabaki wote isipokuwa yeye. Na huwezi kumwambia mtu, kwa maana wa misheni watasema ulikuwa unalinda mapepo, na wa ukoo watasema umemuuza baba yako. Basi unanyamaza miaka yako yote. Halafu unazaa watoto wawili, nyumba inaweza kutoa mmoja, na unafanya hesabu ile ile kwa mara ya pili, maana ndiyo pekee unayoijua. Nimekuwa nikijigamba kwamba kichwa changu cha namba nilikipata mwenyewe. Si kweli. Nilikipata kwako.

Wiki ya sita, ya mwisho, nikajaza tena kikombe cha maji. Delia hakuruka safari hii, aliweka kalamu chini akanitazama. Nikasema, "Nilikuwa na neno na baba yangu, miaka kumi na tisa. Leo ninalitema." Nikapuliza. Maji yalianguka sakafuni, na sikio langu la kushoto likafunguka kama mtu anayeshuka mlima haraka.

Nikapima. Ukaingia 1,340. Ukatoka 1,335.

Kijiko kimoja. Nikarudia mara tatu: 1,335, 1,335, 1,335.

Delia akanong'ona, "Kimebaki kimoja. Ni cha nani?"

Nilijua. Tangu mwanzo vilikuwa vijiko viwili. Nusu ilikuwa yangu, nimeilipa. Nusu nyingine si yangu, siwezi kuitasa kwa niaba ya mtu. Yule mzee amekaa kabatini miaka yote hii bila neno, mwanawe hajawahi kumwambia kwa nini alitolewa yeye. Anangoja kuambiwa. Na anayengoja kwa muda huo wote lazima ale.

Nikaandika ripoti. Namba zote sita kama zilivyotoka, na maelezo kwamba sababu siijui. Profesa aliniita chumbani kwake. Alikuwa mpole kuliko siku zote, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Bwana Mwakio, hesabu zako ni safi kuliko za wote. Futa hizi. Andika 1,340 mara sita. Nitakupitisha leo hii, na muhula ujao utaanza maji yako."

Baba, mbele yangu niliyaona madebe mia moja na sita. Nasema kweli, niliishika kalamu.

"Profesa, wewe unaamini ni mkono wangu?"

Akatazama mlango. "Nikiwa kijana nilipata 1,335," akasema. "Nikaandika 1,340. Nikawa profesa."

"Basi unajua."

"Najua kwamba kisichopimika hakiwezi kukaa kwenye kabati langu, na asiyeandika inavyotakiwa hawezi kukaa kwenye orodha yangu. Chagua."

Nikaweka kalamu chini. Mizani ikisha kusema, karani haongezi. Akafungua rejista ya darasa akapiga mstari juu ya jina langu. Kisha akavuta lile daftari la ngozi akapiga mstari juu ya namba kumi na nne, rula ile ile, wino ule ule. "Chukua fuvu lako," akasema, bila kuinua uso. "Ukiliacha nitalitupa." Tumefutwa wote wawili kwa dakika moja, mimi na babu yangu.

Kwa hiyo narudi bila cheti. Uliwahi kusema nitarudi hivyo, na nilikuwa nimeapa nisikupe furaha hiyo. Sasa naona labda haikuwa furaha. Maji ya Maungu nitayatafutia njia nyingine. Idara ya maji inaajiri watu wa kupima hata bila cheti, na kupima najua.

Yuko hapa mezani kwangu bwenini ninapoandika, nimempa upande wa dirishani ingawa hakuna mlima wa kutazama. Nimemjaribu siku nne, kwa sababu ni lazima nijue mahitaji ya njiani. Asubuhi kabla ya kutoka naweka kijiko kimoja, mchana nikirudi hakipo. Siku ya pili niliweka viwili, kimoja kikarudi. Siku ya tatu nilimpa ngano, ikarudi yote, punje kwa punje, nadhani si mtu wa ngano. Siku ya nne nilimpa mtama bila kumsalimu, ukarudi. Nikamsalimu, ukaenda. Sili naye, lakini sasa nakula saa ile ile.

Nisalimie Mama, mwambie nimevaa ile sweta mpaka viwiko vimetoka. Bibi Wakesho usimsomee barua hii bado, mpe tu mkono, umwambie aanze kufagia pale anapopajua, hatauliza kwa nini. Kaka Stefano mwambie sina neno naye, na hajawahi kunikosea yeye, alipelekwa tu. Dada Mkawasi na shemeji wa reli wasiende Mombasa kunipokea, wabaki na watoto. Na Shangazi aliyenipa chumvi ya safari, mwambie bado nusu ipo.

Barua hii inakuja kwa ndege. Sisi tunakuja kwa bahari. Basi la kesho mpaka bandarini siku mbili, kungoja siku moja, meli siku thelathini na nane, treni ya kutoka Mombasa mpaka Voi siku moja: jumla arobaini na mbili. Teremka mpaka stesheni ya Voi wewe mwenyewe. Usitume mtu. Uje na maji ya kwetu kwenye kibuyu, si ya bomba. Sanduku dogo nililomtia Babu nitalibeba mwenyewe kwapani, na sitampa mpagazi wala wewe, mpaka uliseme kwa sauti lile neno ulilolinyamazia, uyapulize maji hapo hapo mbele ya watu wa treni, wacheke wakitaka.

Nimeweka kwenye kopo la chai vijiko hamsini vya mtama, si zaidi, kwa kuwa forodha hawaruhusu nafaka nyingi. Arobaini na viwili vya safari, vinane vya meli ikichelewa. Baada ya hapo, Baba, mimi sina kitu kingine cha kumpa.

Ni mimi mwanao wa pili,
Ezra Mwakio